Sakafu ya vinaili ofisini inafifia, inanata, inabanduka: tafuta kwanza tatizo liko wapi

Wakuu, sahivi ukizunguka maofisini, kliniki, maduka ya dawa, madarasa, sakafu za tailizi za vinaili (vigae vya plastiki) zimejaa kila kona, na malalamiko ni yaleyale tu, imefifia, imekuwa njano, inanata, inateleza, kona zinanyanyuka. Na ushauri ambao watu wanapeana ni mmoja, nenda dukani chukua polishi paka. Hapo ndo sakafu inakufa kabisa.

Swali la kwanza kabla hujanunua chochote ni hili tatizo liko wapi, na majibu yako matatu tu. Linaweza kuwa juu, yaani kwenye polishi na uchafu ulioganda ndani ya polishi. Linaweza kuwa kwenye tailizi yenyewe. Au liko chini, kwenye gundi na zege. La juu unalitoa kwa dawa na mashine. La tailizi yenyewe mara nyingi unabadilisha hizo chache zilizoathirika maisha yanaendelea. La chini hata usugue mwaka mzima hutoboi mpaka ushughulike na unyevu.

Jua umekanyaga nini

Hizi tailizi hazifanani. Kuna zile za kawaida za futi moja kwa futi moja, unene milimita 3 na kidogo, ukivunja moja unakuta rangi ni ileile juu mpaka chini. Hizo ndani yake sehemu kubwa ni unga wa mawe ya chokaa, plastiki ni ya kushikilia tu, kwahiyo zina vinyweleo, zinakunywa uchafu, na lazima zivae polishi. Zikikaa uchi hazina kinga yoyote, mchanga unazila moja kwa moja.

Alafu kuna hizi za kisasa zenye picha ya mbao au ya marumaru. Ukiangalia ubavuni unaona matabaka, picha imechapwa, juu yake kuna ngozi ya plastiki angavu. Kwa ofisi ngozi hiyo inatakiwa iwe nusu milimita hivi, zile za 0.3 ni za chumbani nyumbani, na ukiona mtu kazifunga kwenye duka lenye watu wengi ujue ameokoa hela leo atazilipa kesho. Hizi nyingi zinatoka kiwandani na kinga yake tayari, polishi hazihitaji, na nyingine polishi inazikataa kabisa, inapasuka na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kama huna uhakika muulize aliyefunga, au tafuta kipande cha akiba, mara nyingi vipo stoo vimesahaulika nyuma ya makopo ya rangi.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Chagua sehemu iliyojificha, nyuma ya mlango au chini ya meza, changanya dawa ya kutolea polishi kama kopo linavyosema, paka eneo la viganja viwili, acha dakika 5 mpaka 10 bila kukauka, sugua, futa, suuza, acha pakauke. Pakirudi rangi yake ya asili tatizo lilikuwa juu. Doa likibaki palepale limeshaingia kwenye tailizi. Na kama tailizi inacheza ukiikanyaga, au kwenye maungio panatoka gundi au unga mweupe wa chumvichumvi, usihangaike na dawa ya juu, ruka moja kwa moja mpaka kwenye sehemu ya kubanduka huko chini.

Imefifia, haing'ai hata ikidekiwa kila siku

Mara nyingi imefifia kwa sababu inadekiwa kila siku. Namaanisha inavyodekiwa. Ndoo moja, sabuni ya unga ngumi nzima, jiki kidogo "kuua wadudu", dekio linaingia kwenye maji ambayo yameshakuwa rangi ya chai, linapita korido nzima, linaingia chooni, linarudi risepsheni. Maji yakikauka sabuni haijaenda popote, imebaki pale juu kama utando, na utando huo unashika vumbi kuliko sakafu isiyo na sabuni kabisa, kesho yake inaonekana chafu zaidi, supavaiza anasema ongezeni sabuni. Unaona mzunguko huo.

Sabuni ya unga imetengenezwa kwa nguo, ni kali upande wa alkali, kila siku inalegeza polishi kidogokidogo. Jiki nayo inaifubaza polishi na ikizidi inachubua rangi. Tumia sabuni ya sakafu isiyo kali, ile wanaandika pH 7 au karibu na hapo, yaani siyo asidi wala alkali, kwa kipimo cha kwenye kopo, na kipimo hicho huwa kidogo mpaka mtu anaona kama unamdanganya. Ndoo mbili, moja ya dawa moja ya kusuuzia dekio, maji yakibadilika rangi unamwaga. Dekio likamuliwe liwe na unyevu tu, siyo linachuruzika. Dekio la chooni libaki chooni, lipe rangi yake au lifunge uzi, hata ukali wa supavaiza hausaidii kama madekio yote yanafanana.

Kutoa utando uliopo, deki maji ya moto kidogo matupu bila sabuni, siku kadhaa mfululizo, ukiona povu linatoka wakati hujaweka sabuni basi hilo ni la mwezi uliopita.

Sababu ya pili ya kufifia ni mchanga, na hii ndo mbaya kwa sababu ni kukwaruza kwelikweli, siyo utando. Ukilaza kichwa ukaangalia sakafu kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni unaona njia nzima waliyopita watu imekuwa kama imepigwa msasa, pembeni kwenye kuta bado panang'aa. Dar ni mchanga, Dodoma ni vumbi, Arusha ni udongo na tope, yote yanaingia na viatu. Hapa hamna dawa ya kopo. Dawa ni mkeka mlangoni, na siyo kile kitambaa kilichoandikwa "Karibu" chenye urefu wa futi mbili, mtu anakiruka bila hata kukusudia. Mkeka uwe mrefu kiasi kwamba kila mguu unakanyaga angalau mara tatu nne kabla ya kufika kwenye tailizi, yaani mita 3 mpaka 4 na nusu kama nafasi ipo. Wa nje wenye manyoya magumu ya kukwangua, wa ndani wa kunyonya maji. Na ukungutwe, maana mkeka ulioshiba mchanga unamgawia mchanga kila anayeingia.

Na fagia kwanza. Watu wanadeki juu ya mchanga. Fagio lenye manyoya laini au lile dekio pana la vumbi lipite kabla ya maji, kila siku, sehemu za mlangoni hata mara tatu kwa siku. Kama ofisi yako ina bajeti ya kitu kimoja tu, weka hela kwenye mikeka na kufagia, polishi ya bei kali waachie wenye hela ya kuchezea.

Imekuwa njano au kahawia

Hapa usikurupuke, njano zina sababu nyingi na kila moja inakaa sehemu yake.

Njano iliyo pembeni, kwenye kuta na chini ya makabati, wakati katikati pako sawa, hiyo ni polishi iliyorundikana. Kila miezi michache mtu anapaka koti jipya, yaani tabaka la polishi, ukuta mpaka ukuta, katikati panakanyagwa panaisha, pembeni hapaguswi, baada ya miaka miwili pembeni kuna makoti kumi yenye vumbi katikati yake. Toa yote kwa dawa, halafu ukianza upya makoti ya kwanza mawili tu ndo yaguse ukuta, yanayofuata yaishie kama sentimita 20 kabla ya ukuta.

Njano ya sakafu nzima iliyotokea mara tu baada ya kupaka, ni uchafu uliofungiwa chini. Hawakutoa vizuri, hawakusuuza, au walipaka kwa dekio la kudekia. Nayo inatoka, ila kazi inarudiwa yote.

Njano yenye umbo, mraba kamili wa mkeka, duara la mguu wa meza, alama ya tairi la kitoroli, hiyo ni raba. Raba ina kemikali ndani yake zinazohamia kwenye vinaili na kubadilisha rangi ya plastiki yenyewe, na zinapita hata kwenye polishi. Haitoki. Usimlaumu mfanya usafi, hata asugue mpaka padi (kile kisuguo cha duara cha mashine) iishe. Badilisha hizo tailizi, na mkeka unaorudisha uwe umeandikwa kwamba unafaa kwa vinaili, yaani mgongo wake siyo raba ya kawaida. Ile mikeka ya kukata kwenye matairi mabovu iweke nje kwenye ngazi.

Njano au weusi unaofifia kutoka mlangoni kwenda ndani, kama mita chache za mwanzo tu, mara nyingi ni lami. Kama nje kuna parkingi ya lami, hasa ikiwa mpya, viatu vinaleta mafuta yake. Mkeka tena. Na karibu na vioo vikubwa vinavyopigwa na jua la mchana, rangi inabadilika au kupauka taratibu, hapo ni mapazia au karatasi ya kuzuia jua kwenye kioo, dawa ya sakafu haiwezi kushindana na jua la saa nane.

Polishi inanata, haikauki

Sehemu za pwani hii ni ya msimu. Masika, Machi mpaka Mei, hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa imeshiba maji, alafu watu wanapaka polishi usiku wa Ijumaa baada ya mlinzi kuzima viyoyozi na kufunga madirisha. Polishi hizi za sahivi ni za maji, zinakauka kwa maji kutoka kwenda hewani, sasa hewa iliyojaa itayapokea wapi. Kwenye hali ya kawaida koti linakauka kama nusu saa mpaka dakika 45, kwenye unyevu mkubwa saa moja, saa ingine mbili. Mtu hasubiri, anaona pamekauka juu anapandisha koti la pili, la kwanza linafungiwa likiwa bichi, Jumatatu miguu ya viti inaacha alama na karatasi zinagandia sakafuni.

Waombe wasizime kiyoyozi usiku huo, au chagua siku kavu. Feni ni sawa ila isielekezwe sakafuni, ielekeze ukutani au juu izungushe hewa ya chumba, maana upepo ukipiga koti moja kwa moja linakauka ngozi ya juu tu, chini linabaki bichi. Makoti yawe membamba. Lita 1 ya polishi inatakiwa ifike mita za mraba 45 mpaka 50 kwa koti moja, kwahiyo dumu la lita 5 kama limekuishia kwenye mita 100 umepaka nene mno. Kwa sakafu mpya au iliyovuliwa, yaani iliyotolewa polishi ya zamani, makoti matatu mpaka matano membamba, ofisi ya ndani yenye watu wachache matatu yanatosha.

Kipimo kabla ya koti la pili, bonyeza kwa mgongo wa kiganja sehemu ambayo hewa haifiki, kwenye kona, siyo mlangoni. Ikivuta ngozi, subiri.

Kuna kunata kwingine ambako hakuna uhusiano na hewa. Polishi ya kopo ya sakafu ya saruji, ile nyekundu ya kupaka kwa kitambaa, au ile ya kienyeji ya kuyeyusha mishumaa na mafuta ya taa, ikipakwa kwenye vinaili mafuta yake yanalainisha plastiki. Inang'aa siku ya kwanza vizuri tu, ndo maana watu wanaipenda, alafu inaanza kunata, inakuwa nyeusi, inateleza, na tailizi zikilainika gundi nayo inafuata. Hiyo iache kwenye sakafu ya saruji ambako inafanya kazi nzuri. Petroli na tina za kuchanganyia rangi ni hivyohivyo, na zaidi ya kuharibu sakafu zinawaka moto.

Na viuavijidudu vya kliniki, vingi vinaacha utando unaonata vikikauka bila kusuuzwa. Pale ambapo lazima vitumike kila siku weka utaratibu wa kupitisha maji matupu baada ya muda wa dawa kufanya kazi kuisha, hata mara moja kwa wiki.

Unga mweupe unabaki kwenye viatu vyeusi

Polishi inasagika. Sababu kubwa ni dawa ya kutolea polishi kutosuuzwa. Dawa hiyo ni alkali kali, pH 11 kwenda juu, ikibaki kidogo tu polishi mpya haishiki vizuri, inakauka kama chaki. Suuza mara mbili kwa maji safi, ya tatu kama una wasiwasi, acha pakauke kabisa, alafu pitisha kiganja au kitambaa cheusi. Ukiona weupe, rudia kusuuza. Ukiwa na karatasi za kupimia pH ni bora zaidi, lowesha sakafu kidogo upime, lengo ni pH ilingane na ya maji ya bomba uliyotumia.

Sababu nyingine ni haraka ya mashine. Polishi ikiwa bado changa ukaiwekea mashine ya mwendo kasi ya kung'arishia, zile zinazozunguka mara 1,500 kwa dakika au zaidi, unaisaga tu. Iache siku mbili tatu ikomae. Na padi ngumu kwenye kazi ya kung'arisha nayo inatoa unga, rangi za padi zina maana yake, nyeupe ni ya kung'arisha, nyekundu ya kusugua kidogo na kufuta alama, bluu na kijani za kusugua uchafu mzito, nyeusi ya kuvua polishi. Nyeusi ikiingia kwenye zile tailizi za picha ya mbao umezimaliza.

Michirizi na vitundu vidogo kama macho ya samaki

Michirizi ni dekio chafu, au polishi iliyotiwa kwenye ndoo ya sabuni, au mtu aliyerudi nyuma kugusia sehemu iliyoanza kukauka. Dekio la polishi liwe lake peke yake, likiwa jipya lifuliwe kwanza. Vitundu ni mafuta au silikoni, mara nyingi ile spreyi ya kung'arishia meza imepulizwa ikadondoka sakafuni. Inabidi kuvua sehemu hiyo.

Alama nyeusi za viatu

Soli za raba nyeusi, katambuga, magurudumu ya viti. Ziko juu. Mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye fimbo unafuta nyingi bila dawa yoyote, zilizobaki padi nyekundu na maji yenye sabuni kidogo. Zikizidi ghafla kuliko zamani ujue polishi imeisha au ni laini sana, na siyo kwamba watu wamebadilisha viatu.

Madoa

Chini ya kila chombo cha sanitaiza kilichofungwa ukutani tangu wakati wa korona utakuta duara jeupe au sehemu iliyochubuka. Alkoholi inayeyusha polishi. Doa liko juu, unavua eneo lile dogo na kupaka upya, lakini litarudi mpaka uweke kisahani cha kudakia matone au kimkeka kidogo chini yake.

Hina na rangi za nywele za salon, iodini na GV za kliniki, kalamu za maka, hizi zinagombania muda. Zikifutwa ndani ya dakika chache zinabaki kwenye polishi, zikilala usiku mmoja kwenye tailizi isiyo na polishi zinahamia humo na hazitoki. Ndo maana chumba cha kufungia vidonda au kiti cha kupakia hina panahitaji makoti mengi kuliko korido, ni sehemu ya kujitoa sadaka, doa likiingia unavua na kupaka eneo hilo tu. Kwa doa jipya jaribu sabuni ya sakafu kwanza, alafu spiriti kwenye kitambaa, sugua kutoka nje ya doa kuelekea katikati. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiguse, inayeyusha vinaili yenyewe.

Na jamani, jiki isichanganywe na kitu kingine. Dawa nyingi za kuvua polishi zina amonia au kemikali za jamii yake, dawa za choo nyingi zina asidi, jiki ikikutana na chochote kati ya hivyo inatoa gesi ya sumu, na vyumba vya kuhifadhia vifaa vya usafi huwa havina hata dirisha.

Inateleza

Watu wanadhani inateleza kwa sababu imepakwa polishi. Polishi nzuri ya maji ikiwa safi na kavu haitelezi kivile, zinapimwa kwa hilo kabisa. Kinachoteleza ni kilicho juu yake, utando wa sabuni, vumbi laini, mafuta ya kantini yaliyobebwa na viatu vya wapishi, spreyi ya meza, au maji ya mvua mlangoni. Kwahiyo kabla hujavua polishi yote ya risepsheni kwa sababu mgeni ameteleza, deki vizuri kwa maji safi pakauke, tembea tena. Kama bado, angalia kama kuna mtu amepaka ile polishi ya kopo ya saruji. Sehemu ya jikoni kabisa tailizi laini hazifai, hata uzisafishe vipi.

Wakati wa kuvua polishi ndo hatari kubwa, sakafu inakuwa kama mlenda. Funga eneo, vaa mabuti yenye soli ya kushika, nyaya za mashine zisipite kwenye maji.

Kona zinanyanyuka, gundi inatoka, tailizi zinacheza

Hapa ndo pesa zinapotea, kwa sababu dalili iko juu na ugonjwa uko chini, na fundi anayeitwa anabandua tailizi tano anapaka gundi mpya anaondoka. Baada ya mvua zinarudi.

Angalia zinabanduka wapi. Kama ni karibu na sinki, chooni, mlangoni, au pale ambapo ndoo huwa inawekwa, ni maji ya juu. Deki la kumwaga, au kuvua polishi kwa kufurisha dawa ikaingia kwenye maungio na kukaa. Gundi nyingi za tailizi hizi ni za maji, zikilowa zinalegea. Punguza maji, bandika upya zilizotoka, basi. Dawa ya kuvua paka eneo dogodogo ambalo unaweza kulivuta maji kabla halijakauka wala kuzama, usimwage chumba kizima alafu ukaenda kunywa chai.

Kama zinabanduka katikati ya chumba bila mpangilio, ghorofa ya chini, na kwenye maungio kuna weupe wa chumvi au gundi imekuwa ute, maji yanatoka ardhini yanapanda kwenye zege. Nyumba nyingi za zamani, na nyingi mpya za haraka pia, zilimwagwa zege bila nailoni nzito chini, na maeneo ya pwani maji ya ardhini hayako mbali. Kigae cha udongo au terazo kinapumua kidogo, vinaili haipitishi, inafungia unyevu chini mpaka gundi inakata tamaa.

Kipimo rahisi, bandua tailizi, kwangua gundi yote, kata nailoni angavu ya kama nusu mita kila upande, igande kwenye zege kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, acha usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, unyevu upo. Hapo kubandika upya ni kutupa hela. Nailoni ikiwa kavu isikupe uhakika wa mia kwa mia, kipimo hiki kinakamata unyevu mkubwa tu, kwa jengo kubwa waite wenye mashine za kupimia unyevu ndani ya zege. Ukikuta upo chanzo kitafutwe, bomba linalovuja, maji ya bustani yanayomwagikia ukutani, mfereji wa mvua uliosogea kwenye msingi, na kama ni ardhi yenyewe kuna dawa za kupaka juu ya zege kuzuia unyevu, za epoksi, kabla ya gundi. Ni gharama. Ukipiga hesabu saa ingine ni afadhali kubadilisha aina ya sakafu kwa ghorofa hiyo ya chini na kuacha vinaili juu.

Zikinyanyuka kila mahali ndani ya miezi michache tangu zifungwe, hata ghorofani, ni ufungaji. Zege lilikuwa bado bichi, vumbi halikufagiliwa, gundi ilikauka kabla ya kubandika au ilipakwa kidogo, au hawakupitisha rola nzito ya kilo 45 hivi. Na sakafu mpya isidekiwe maji kwa siku 4 mpaka 5 za mwanzo, fagia tu, hata kama bosi anataka ufunguzi kesho.

Nafasi kati ya tailizi na tailizi zikiongezeka taratibu, hasa upande wa jua, ni tailizi kusinyaa au gundi kuachia. Nafasi ndogo zinajaa uchafu mweusi tu, kubwa zinakaribisha maji chini, hizo ubadilishe.

Mashimo ya miguu ya viti na makabati

Mzigo mkubwa kwenye ncha ndogo. Weka vikofia vipana vya plastiki ngumu au visahani chini ya miguu, visiwe vya raba nyeusi kwa sababu ile ya njano. Viti vya magurudumu viwekewe mkeka wa plastiki mgumu. Shimo lililokaa miaka halirudi.

Kama jengo ni la zamani, soma hii kabla hujagusa

Tailizi ndogo za inchi 9 kwa 9, nyeusi, kahawia, kijivu au kijani yenye michirizi, zilizofungwa kabla ya miaka ya 80, zenye gundi nyeusi ya lami chini, zichukulie kwamba zina asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mpaka maabara iseme hapana. Kuna za futi moja pia za miaka hiyo zilikuwa nayo. Zikiwa nzima na zimevaa polishi hazina shida kubwa, nyuzi zimefungwa ndani. Shida inaanza ukizivunja, ukizipiga msasa, ukikwangua gundi nyeusi ikiwa kavu, au ukisugua kwa padi nyeusi na mashine ya kasi bila maji, hapo unarusha nyuzi hewani na watu wanazivuta.

Kwahiyo hizo usivue polishi kavukavu, tumia maji, padi laini, mashine ya mwendo mdogo, na uvue mara chache iwezekanavyo, ongezea makoti juu. Moja ikipasuka usiifagie, ilowanishe, okota vipande weka kwenye mfuko mzito funga. Na ukitaka kubadilisha sakafu, njia ya kawaida ni kuziacha zilale hapohapo na kufunika kwa sakafu mpya juu, kama zimeshika vizuri. Kama zimeachia na lazima zitoke, hiyo siyo kazi ya vijana wa patasi na nyundo wikiendi, waite watu wenye vifaa vya asbesto na kibali cha kuitupa.